Likizo ya Mwaka Mzima

Kama nyumbani kwako kuna ukuta mweupe na mume mwenye brashi, sogeza kabati mbele ya ukuta huo leo hii. Usingoje kesho. Mama Bingwa hakusogeza kabati, na yaliyompata ndiyo haya.

Mumewe alikuwa mchora mabango. Vibao vyote vya mtaa ule, cha kinyozi, cha duka la dawa, cha fundi viatu, mpaka kile cha kukataza watu wasijisaidie nyuma ya shule, vilitoka mkononi mwake, na mkono wenyewe ulikuwa mzuri, asisingiziwe. Herufi zake zilisimama kama askari wanaokaguliwa. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu, nao ni Klabu. Klabu gani, hakuna aliyeuliza. Ni ile iliyozoea kuchukua kombe mpaka mashabiki wa timu nyingine wakaanza kusema mpira siku hizi hauna raha. Baba Bingwa aliipenda kuliko alivyompenda mama mkwe wake, jambo ambalo halikuwa gumu, lakini aliipenda pia kuliko chakula, na hapo ndipo mkewe alipoanza kuingiwa na wasiwasi.

Walipohamia nyumba ile, bado maharusi, alivuta uzi wenye chaki kutoka pembe moja ya ukuta wa sebuleni hadi nyingine, akapata mistari iliyonyooka, akaandika kwa rangi ya bluu: Msimu wa Kwanza, Nafasi ya Pili, Kombe Nusu Fainali. Ulipokwisha msimu mwingine, akaandika wa Pili. Miaka yenyewe hakuiandika hata mara moja. Alisema miaka ni mambo ya serikali, misimu ndiyo mambo ya watu. Ubingwa aliuandika kwa rangi ya dhahabu, na kwa kuwa Klabu ilikuwa haichoki kushinda, ukuta ukaanza kung'aa kama jino la tajiri.

Basi nyumba nzima ikawa inahesabu kwa ukuta. Cherehani ya Mama Bingwa ilinunuliwa Msimu wa Tatu, ule wa kutofungwa nyumbani. Bati la jikoni lilianza kuvuja Msimu wa Tano. Mtoto wa kwanza alizaliwa Msimu wa Nne, wiki ileile ya kombe, na baba kwa furaha alikimbia hadi ofisi ya vizazi akiwa bado amevaa jezi, akamsajili mtoto hata kitovu hakijakauka. Ndiye huyo Bingwa, ambaye sasa ni mtu mzima, anafanya kazi mbali, na mpira wenyewe hautaki hata kuusikia.

Ukimwuliza Mama Bingwa ana umri gani, alikuwa anageuka kwanza kuangalia ukutani. Yeye alikuwa mshonaji, mambo ya inchi na mikato ya shingo yalikuwa yake, mambo ya miaka alimwachia mwenye brashi. Hapo ndipo alipokosea, na wako wengi wanaokosea hapohapo.

Msimu uliofuata ule wa Sita ulianza na balaa. Mechi ya kwanza kabisa ya kombe Klabu ilipangiwa timu ya kiwanda cha sabuni. Walikuwa wafanyakazi wa kweli, watu wa kuchemsha mafuta mchana na kucheza mpira jioni, na kipa wao alikuwa mpishi wa kantini. Baba Bingwa alikwenda uwanjani anacheka njia nzima. Klabu ilifungwa mbili bila.

Saa ileile mkewe alikuwa wodini, na mpira unakwisha naye akajifungua binti. Baba akaingia uso umekunjamana, macho mekundu, akakaa kwenye ukingo wa kitanda na kushika tama. Muuguzi wa zamu akamwonea huruma, akamshika bega na kumwuliza kama ameshapewa habari.

"Tumepoteza, dada," akasema Baba Bingwa. "Tena mapema mno."

Muuguzi alitoka mbio kwenda kumwangalia mtoto upya, akamkuta ananyonya kama anayedai haki yake. Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na mama mwingine wa mtaa uleule, naye amejifungua mvulana muda uleule, akacheka mpaka akaambiwa anyamaze kwa sababu ya nyuzi. Ndiye aliyesema watoto hawa wawili ni mapacha, mapacha wa wodi. Mama Bingwa yeye hakucheka. Alimwonea mumewe huruma, akamwambia jambo ambalo mke yeyote angesema: ajikaze kisabuni.

Aliona uso wa mwenzake unavyobadilika, akatamani ameze ulimi.

Tangu siku ile neno sabuni halikutamkwa tena katika nyumba ile. Dukani aliomba "ile ya kufulia", na nyumbani wakaiita povu. Povu la kuogea, povu la kufulia, kipande cha povu. Binti alipoanza shule, mwalimu aliinua kipande mbele ya darasa na kuuliza ni nini, binti akasema povu. Mwalimu akasema hapana, hii ni sabuni. Mtoto alirudi nyumbani akamnong'oneza mama yake kwamba mwalimu anatukana.

Lakini turudi kwenye ukuta. Baada ya kufungwa kule, Baba Bingwa alitangaza kwamba msimu bado haujaanza. Wachezaji wako likizo. Klabu ikafungwa tena, akasema hizo ni mechi za kirafiki. Ikafungwa kwake, mbele ya watu wake, akasema mtu akiwa likizo huwezi kumlaumu. Ikamaliza ligi ikiwa ya kumi na moja, akasema mwaka huu wamewapa likizo ndefu. Msimu uliofuata Klabu ikazinduka, ikarudisha ubingwa, naye akachanganya rangi ya dhahabu, akapanda kwenye stuli, na chini ya Msimu wa Sita akaandika kwa mkono uliotulia kabisa: Msimu wa Saba, Bingwa.

Watu wakimwuliza binti yake alizaliwa lini, alijibu wakati wa likizo. Jina likamganda mtoto. Akawa Likizo.

Mama Bingwa aliona kuna kitu kimerukwa. Aliona kama unavyoona shati lililofungwa vifungo vikapishana, limefungika lote lakini pindo moja limening'inia. Ila alikuwa na mtoto mgongoni, sare za shule nzima zinamngoja chini ya sindano, na mume anayenuna akiguswa. Akaacha. Baadaye akazoea, na mtu akishazoea haoni tena pindo.

Ulipofika wakati wa kumwandikisha Likizo shule, ikatakiwa hati ya kuzaliwa, na hati haikuwepo, kwa sababu msimu ule baba alikuwa na aibu ya kutoka nje, seuze kwenda ofisini. Kadi ya kliniki nayo alikuwa ameijaribia brashi, tarehe zote ziko chini ya rangi nyekundu. Hakubabaika. Alisimama mbele ya ukuta, akaweka kidole kati ya Sita na Saba, akahesabu mistari kushuka chini hadi wa mwisho, akaenda ofisi ya vizazi na hesabu yake kichwani. Hati ikatoka, ina muhuri, inapendeza kuitazama.

Na mtoto akawa wa maajabu. Meno ya utoto yalimtoka kabla ya wenzake. Darasani alijua kusoma wenzake wakiwa bado wanakula chaki. Foleni ya asubuhi ya shule yeye alikuwa nyuma kabisa kwa urefu. Mama mwenyewe, akimpima sare, alishangaa futi inavyokwenda. Baba Bingwa alipita mtaani akieleza sababu bila kuulizwa: mtoto amezaliwa likizo, amepumzika vizuri, ndiyo maana ana nguvu. Walimu walimwita hodari kwa umri wake. Hilo la umri wake lilisemwa mara nyingi sana, na hakuna aliyelitilia shaka.

Halafu Likizo akaanza kudaka mpira. Shuleni, mtaani, popote palipo na mawe mawili ya kufanya goli. Baba alimwekea glavu zilizoshonwa na mama kwa vipande vya koti la zamani, na mama akazishona tabaka tatu tatu, maana kwa macho yake mpira ulikuwa jiwe lililofunikwa ngozi. Mpaka siku moja Klabu, Klabu yenyewe, ikatangaza kuwa inaanzisha timu ya wasichana wasiotimiza miaka kumi na minane. Likizo akaenda kujaribiwa. Wenzake wakamwona wanadhani ni msaidizi wa kocha. Akachukuliwa hapohapo.

Siku Likizo aliporudi na barua ya kuchaguliwa, Baba Bingwa aliisoma mara mbili. Aliingia sebuleni, akapima nafasi iliyobaki chini ya mstari wa mwisho, Msimu wa Ishirini na Tatu, akavuta uzi wa chaki, akatia alama kwa penseli tu, taratibu, mahali ambapo jina la binti yake lingekaa kwa dhahabu. Kisha akatoka nje, akasimama nyuma ya banda la kuku lisilo na kuku, akalia. Mkewe alimwona dirishani, akamwacha alie.

Sasa, yule mama wa kitanda cha pili alikuwa amehama mtaa watoto wakiwa bado wanatambaa, akapotelea mbali na mume wake dereva. Mwaka huu akarudi, nyumba ya tatu kutoka kwa Mama Bingwa, na kijana wake, mrefu, mwembamba, mwenye mdomo usiojua kupumzika. Mama mtu alikuwa amemwita Pacha maisha yake yote, akimwambia una mwenzako mahali fulani, naye alipomwona Likizo alifurahi kama aliyeokota ndugu. Alimfuata kila mahali, si kwa mabaya, kwa kelele tu. Mazoezini alisimama pembeni akiwaambia wasiomjua kwamba yule golini ni pacha wake wa wodi.

Ligi ya wasichana ilikuwa inaanza Jumamosi. Jumatano Pacha alikuja kwa Baba Bingwa kuagiza bango la kitambaa, la kupeperusha uwanjani, na alilitaka lisomeke mpaka ng'ambo ya uwanja. Baba Bingwa alilichora bure, kwa mapenzi yote, akaweka kivuli kwenye kila herufi, akalitundika kwenye kamba ya nguo likauke.

Mama Bingwa alikuwa amekaa kibarazani na cherehani, anapinda sketi, alipoinua macho akasoma: PACHA WANGU WA WODI, TULIZALIWA SIKU MOJA.

Akatabasamu. Akarudi kwenye pindo. Na hapo Pacha akaja kuchungulia kama rangi imekauka, akamwamkia, akamwonyesha kadi ndogo inayong'aa. Kitambulisho. Alikwenda kukichukua asubuhi ile, kwa sababu ametimiza kumi na minane, sasa hata polisi wakimsimamisha anawatolea. Alimwuliza mama kama mwenzake naye ameshakwenda kupiga picha yake.

Sindano ilikimbia nje ya pindo ikashona sketi mbele na nyuma.

Mama Bingwa aliiangalia ile kadi. Akaliangalia bango. Akaiangalia tena kadi. Wawili waliozaliwa siku moja, mmoja ana kumi na minane na mwingine, kwa hati yenye muhuri, ana kumi na saba. Akamwuliza Pacha kwa sauti ya mtu anayeuliza hali ya hewa kama mama yake hakukosea hesabu. Pacha akapiga kelele nyumba ya tatu, mama yake akaja na kijiko mkononi.

"Shoga, mimi nikosee?" akasema jirani. "Nina kadi ya kliniki, nina cheti cha ubatizo, nina hata alama ya mshono. Wa kwako ndiye aliyechelewa njiani. Alikaa wapi mwaka mzima?"

Mama Bingwa alijibu kwamba alikuwa likizo. Alisema hivyo bila kufikiri, na maneno yenyewe yalipomtoka akayasikia.

Aliingia sebuleni, akasimama mbele ya ukuta na chaki ya kushonea, akaweka kidole kati ya Sita na Saba, palepale mumewe alipokuwa ameweka chake. Nafasi ilikuwa ya vidole viwili. Mwaka mzima ulikuwa umelala pale, umebanwa katikati ya mistari, na yeye amekuwa akiufuta vumbi kila Jumapili.

Baba Bingwa alipoingia alimkuta bado amesimama. Akamweleza. Mwanzoni mume alidai kwamba wale majirani ndio waliozidisha, familia za madereva huwa na haraka. Mke akamkumbusha muuguzi. Akamkumbusha kitanda cha pili na nyuzi na kicheko. Akamwuliza siku ile alitoka wapi kabla ya kuja wodini. Baba Bingwa akavuta stuli. Akakaa. Kumbe alikuwa amejidanganya vizuri mno, kazi safi ya fundi, hata yeye mwenyewe asione kiungo.

Lakini mtu wa namna hii hakosi njia. Akasema hati ni hati. Serikali imepiga muhuri, wao ni nani wabishane na serikali. Kinachosumbua ni lile bango tu, na bango liko mikononi mwake. Atabadilisha SIKU iwe MTAA. Herufi nne zinatoka, herufi nne zinaingia, itasomeka tulizaliwa mtaa mmoja, na nani atasema ni uongo. Akatoka na brashi na kopo, mkewe nyuma yake anamfuata kama anayefuata mgonjwa.

Alifuta SIKU kwa tapentaini. Akachora M, T, A, A, kwa kivuli chake. Akarudi nyuma kusoma. TULIZALIWA MTAA MOJA.

Akasimama. Siku ni moja, lakini mtaa ni mmoja, na M ya pili hakukuwa na mahali pa kuiweka. Alikuwa amezibana herufi kwa ustadi wake wote. Alijaribu kwa macho huku na huku. Alikuwa tayari kudanganya chama cha mpira, lakini kuandika mtaa moja, kwa mkono wake, kwenye bango litakaloonwa na uwanja mzima, hilo lilimshinda.

"Na ukishapata M yako," mkewe akamwuliza, "mdomo wa Pacha utaupaka rangi gani?"

Baba Bingwa akachovya brashi tena.

"Baba Bingwa, nisikilize. Wakijua, si mtoto tu atakayefungiwa. Klabu itanyang'anywa pointi. Klabu yako, kwa sababu ya mtoto wa nyumba hii. Huo msimu utauandikaje? Au wachezaji watakwenda likizo tena?"

Baba Bingwa aliweka brashi chini, kwenye mchanga, jambo ambalo hajalifanya tangu ajue brashi ni nini.

Na walipogeuka wakamwona Likizo amesimama mlangoni na begi la mazoezi begani. Alikuwa amesikia. Amesikia tangu wapi, hawakujua, lakini alikuwa anaangalia mikono yake, anaigeuza upande huu na upande ule, kana kwamba amepewa ya mtu mwingine.

"Kwa hiyo mimi si mrefu," akasema. "Mimi ni mkubwa tu."

Mama alitaka kumshika. Likizo akasogea. Akasema maisha yake yote ameambiwa ni hodari kwa umri wake, na sasa umri wenyewe haukuwa wake. Alikuwa anadaka mipira ya watoto. Baba akaanza kusema kwamba hodari ni hodari, binti akamkatiza, kwa adabu lakini akamkatiza, akisema yeye hataki kuambiwa, anataka kujua. Kesho watakwenda kwa Kocha, wote watatu, na baba ndiye atakayeeleza, kwa sababu ukuta ni wake.

Usiku ule Mama Bingwa hakufumba jicho. Hakuogopa polisi peke yao. Aliogopa binti yake atasimama golini siku moja asijue yeye ni nani, na hilo halina hati ya kulirekebisha.

Kocha alikuwa mwanamke aliyewahi kucheza beki, ana pengo la jino moja na goti linalolia akiketi. Ofisi yake ilikuwa kontena kando ya uwanja, imejaa mipira ndani ya wavu na harufu ya dawa ya kuchua. Aliwapa benchi moja, wakabanana. Baba Bingwa akaeleza, akizunguka mbali. Alianza na uzi wa chaki, akapita kwenye cherehani, akafika kwenye Msimu wa Sita, akasimama kama gari lililoishiwa mafuta. Kocha akamwuliza baada ya hapo ilikuwaje.

"Baada ya hapo tulitolewa kwenye kombe."

"Na nani?"

Mama Bingwa akaangalia sakafu. Likizo akaangalia mipira.

"Na kiwanda," akasema Baba Bingwa. "Kiwanda cha… povu."

"Kiwanda cha nini, mzee?"

Alimwangalia binti yake, na binti hakumsaidia, ingawa neno analijua tangu darasa la kwanza. Akavuta pumzi kama mtu anayetaka kung'olewa jino.

"Sabuni," akasema. "Mbili bila. Mpishi alikuwa golini. Na siku hiyo ndiyo alizaliwa huyu."

Kocha hakucheka. Alisema siku ile naye alikuwa uwanjani, msichana mdogo mabegani kwa kaka yake, na lile la pili lingeweza kuzuiwa. Baba Bingwa alimtazama kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. Kisha Kocha akachukua orodha ya wasichana, akakata jina la Likizo kwa kalamu, mstari mmoja. Akawashukuru kwa kuja kabla ya Jumamosi. Akasema kwa watoto ametoka, hakuna mjadala.

Likizo alisimama, akaaga. Alikuwa ameshafika mlangoni.

"Nani amekuruhusu kuondoka?" Kocha akamwuliza. "Wakubwa wanafanya mazoezi sasa hivi. Vaa glavu."

Wakubwa walikuwa wanawake wenye mapaja kama magogo, baadhi yao wana watoto wa shule. Karibu na wao Likizo hakuwa mrefu hata kidogo. Walimpanga golini, wakaanza kupiga. Wa kwanza ulipita hata hajaruka. Wa pili ulipita karuka upande mwingine. Baba Bingwa alikuwa kando ya uwanja ameshika nguzo, na kila ukiingia alijikunja kama amepigwa yeye. Mama alifunika uso kwa mtandio, akawa anasikia tu wavu unavyolia, akahesabu mwanzoni kisha akaona bora asihesabu. Alisema moyoni, basi, sasa amejua, na sasa itabidi nimshonee maisha mengine.

Ndipo akasikia mlio ambao haukuwa wa wavu. Ulikuwa kama mtu amepiga godoro kwa mwiko. Alipofunua uso alimwona Likizo chini, damu puani, na mpira ameukumbatia kifuani kama anayeogopa utaibwa. Aliyepiga, nahodha wa wakubwa, alikuwa amesimama mikono kiunoni. Mama Bingwa alikwishaingia uwanjani na mtandio wake kabla hajazuiwa. Likizo alimwambia arudi, akainuka, akapangusa pua kwa glavu, akatupa mpira kwa nahodha.

"Tena, dada," akasema.

Mwingine ukaingia. Lakini aliruka upande wake.

Kocha alikuja kuwaambia bila kuremba. Kipa wa nne. Atafuata mipira inayotoka nje, atakaa benchi mpaka aambiwe asimame, na huenda msimu huu wote asiambiwe. Kimo ni cha kawaida, mikono ni ya kawaida, bado ana mengi ya kujifunza. Ila haukimbii mpira, na hilo hawezi kumfundisha mtu. Kisha akawakumbusha kuhusu hati: wakairekebishe kwanza, ndipo amwandikishe.

Njiani Likizo alitangulia mbele. Pua ilikuwa imevimba. Mtaa wa nyuma ya kiwanda cha mkate, akaanza kucheka, akacheka mpaka ikabidi ashike ukuta, akisema huyu ndiye hodari kwa umri wake. Mama akamwuliza kama anaumia. Akasema sana.

Hati wakaenda kuirekebisha, mama wa Pacha akaja na kadi yake ya kliniki kama shahidi, na kijiko akakiacha nyumbani. Jumamosi Baba Bingwa alipanda kwenye stuli. Mstari uliorukwa haukuwa na mahali pa kukaa, nafasi ilikuwa vidole viwili, ikabidi autie kwa brashi nyembamba kuliko zote, herufi ndogo kama za karatasi ya dawa: Msimu wa Saba, Nafasi ya Kumi na Moja, tulitolewa na Sabuni mbili bila, alizaliwa Likizo. Halafu kuanzia hapo kushuka chini kila namba ikawa ya uongo, akafuta Saba akaandika Nane, akafuta Nane akaandika Tisa, mpaka Ishirini na Tatu ikawa Ishirini na Nne. Shingo ilimkakamaa. Alipomaliza akagundua kuwa yeye mwenyewe amezeeka mwaka mmoja kuliko alivyokuwa asubuhi, akakaa kwenye stuli akiwa ameduwaa. Mama Bingwa naye alihesabu ndoa yake upya, akaukuta ule mwaka ambao siku zote aliuhisi bila kuuona.

Bango nalo lilibidi lirudi SIKU MOJA. Pacha alilipeperusha mechi ya kwanza ya wakubwa, akiwaambia watu wote kwamba pacha wake ni yule wa pembeni, anayeokota mipira. Hakuna aliyeweza kumshitaki mtu kwa hilo.

Wageni wakija sasa hawasomi dhahabu. Watoto wao hukimbilia kile kimstari kidogo, wanakaza macho, wanacheka. Baba Bingwa hutoka nje wakati huo. Mama Bingwa ameshapima kabati lingefika wapi, lakini kwa sasa ameliacha.

Jioni ile ya Jumamosi, alipokuwa kwenye cherehani, alisikia mumewe nyuma ya nyumba anaosha brashi, anavuta ndoo, anapekua.

"Mama Bingwa," akaita. "Sabuni iko wapi?"

Cherehani ilisimama. Likizo naye, aliyekuwa anaanua nguo, akasimama.

Mama Bingwa akamwambia iko ndani ya karai, pale pale, na asiimalize, kuna jezi za benchi hazijafuliwa.